Akiba ya Pini

Ujumbe ulikuja na cherehani. Ilikuwa ndani ya boksi lake, haijafunguliwa, ile ya kupiga overloki, kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ambayo Mama Mapazia alikuwa ameitamani miaka nenda miaka rudi. Waliiingiza dukani wakiwa wameibeba wawili, mjomba mbele kwa kuwa ndiye mkubwa, na Msoma Mita nyuma kwa kuwa ndiye mwenye shida. Walipoitua katikati ya chumba, juu ya vipande vya kitambaa, Mama Mapazia alikuwa na pini nne mdomoni na hakuweza kuwakaribisha. Pengine ndiyo ilikuwa salama yao.

Chumba kile kilikuwa duka mbele na nyumba nyuma, na kilichotenganisha duka na nyumba kilikuwa pazia, kama ilivyopasa. Mjomba, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alikaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kuuliza hali. Aliuliza hali ya afya, hali ya kazi, hali ya umeme, hali ya ule mguu uliokuwa ukivimba mwaka juzi. Msoma Mita hakukaa. Zamani alikuwa mume wa nyumba ile, na sasa alikuwa mume wa mdogo wa mwenye nyumba, kwa hiyo hakujua akae wapi. Alisimama akaitazama mita ya umeme ukutani. Yeye kazi yake ni kusoma mita za maji, lakini mita ni mita.

"Mwanangu," mjomba alianza, "wahenga walisema damu nzito kuliko maji."

Mama Mapazia alitema pini kiganjani. "Mjomba, wahenga hawakuja hapa na cherehani. Sema shida."

Shida waliijua wote watatu. Bwana Mdogo, mtoto wa Msoma Mita na mke wake mpya, alikuwa amelazwa. Alikuwa na miaka minne na uboho wake, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, ulikuwa umegoma. Aliishi kwa damu za watu, chupa hii ikiisha inasubiriwa nyingine. Madaktari walitaka kumpandikiza mbegu mpya za damu, na mbegu hizo zilikuwepo mji ule ule, zimegandishwa ndani ya mfuko mdogo. Ilikuwa damu iliyokingwa kwenye kitovu cha Pini, binti wa Mama Mapazia, siku alipozaliwa, miaka kumi iliyopita.

"Wamepima," alisema Msoma Mita akiiambia mita. "Vitambulisho vya damu vinafanana vitano kati ya sita. Daktari anasema kwa damu ya kitovu vitano vinatosha kabisa. Kilichobaki ni sahihi yako tu."

"Yangu tu."

"Wewe ndiye uliyeiweka. Jina langu halimo."

"Halimo kwa sababu siku ile ulitoka kwenda kuchaji simu."

Mjomba alikohoa. "Yaliyopita si ndwele."

"Hiyo cherehani ni ya nini, mjomba? Ni ndwele au ni dawa?"

"Si malipo!" mzee alisema haraka. "Nani atakulipa wewe? Ni shukrani."

"Siku hizi shukrani inatangulia?"

Mama Mapazia aliliangalia boksi, na sisi tusimsingizie ugumu asiokuwa nao, alilitamani. Kila wiki alipeleka mapazia kwa fundi wa mtaa wa pili kupigwa overloki, na kila wiki fundi yule alimweka foleni nyuma ya wateja wake mwenyewe. Kisha akaikumbuka sura ya mtu aliyeichagua cherehani ile dukani. Msoma Mita hajui overloki na mkasi. Aliyejua ni mdogo wake mwenyewe, Kitinda.

"Ile ni akiba ya mwanangu," alisema. "Siku Pini akiugua nimwambie nini? Kwamba niliibadilisha na cherehani?"

"Mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Wewe ni mama yake mkubwa."

"Ukubwa huo nimepewa leo? Mbona siku ya harusi yao hamkuja kumwuliza mkubwa?" Alizirudisha pini mdomoni, kisha akazitoa tena. "Na yeye mwenyewe yuko wapi? Mdomo si anao?"

"Anaona haya," alisema Msoma Mita.

"Haya imeanza lini?"

Waliinua boksi lao. Mlangoni lilikwama, kwa sababu wakati wa kuingia walikuwa wameliingiza kwa upande na sasa aibu iliwafanya wasahau. Mama Mapazia ilibidi anyanyuke awashikie pazia la mlango, awaelekeze, "Kushoto, mjomba, kushoto kwako," huku mtaa mzima ukitazama. Muuza mkaa wa ng'ambo aliacha kupima mkaa.

*

Kitinda alikuwa kitindamimba, na jina lilitoka huko. Alizaliwa dada yake akiwa msichana mkubwa, na hakuwahi kununuliwa nguo. Nguo zake zilikuwa zile zilizombana dada, zikipunguzwa hapa na kukunjwa pale. Mama yao ndiye aliyekuwa akizitoa sandukuni na kumvisha. Baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika, Mama Mapazia alipata mzaha wa kuwasimulia wateja: "Nguo zangu zote alivaa yeye, zikishanibana. Mume tu ndiye hakungoja anibane." Wateja walicheka, naye alicheka, na kila alipousema ulimuuma vile vile.

Kitinda alikuja kwake kumsaidia kumwogesha Pini mchanga, akabaki. Alijifunza kushona pindo kwa mkono, mishono midogo isiyoonekana, hadi mkono wake ukaushinda wa mwalimu wake. Pini alipofikia umri wa chekechea, Kitinda alitoka kwa mlango ule ule alioingilia, na Msoma Mita alimfuata na masanduku.

Damu nayo iliwekwa bila kulipiwa. Ile kampuni ya kuhifadhi damu za vitovu, ambayo watu waliiita Benki ya Vitovu, ilipofunguliwa ilitafuta wajawazito wa kupigwa picha za matangazo, na Mama Mapazia alikuwa na tumbo zuri na meno mazuri. Malipo yake yalikuwa kuhifadhiwa damu ya mwanawe mpaka awe mtu mzima. Majirani walimtania kwamba ana akiba katika benki isiyotoa riba wala pesa. Lakini mwanamke aliyeachwa huhesabu alichobakiwa nacho, na kila Pini alipopata homa, mama yake aliukumbuka ule mfuko akapata usingizi.

Ndiyo maana siku mbili baada ya ujumbe alivaa viatu vya kutokea akaenda Benki. Alitaka kusikia kwa masikio yake kwamba bila yeye mfuko hautoki.

Picha ilikuwa bado ukutani, mapokezi, kubwa kama shuka. Yeye na tumbo lake, Msoma Mita kaweka kiganja juu ya tumbo, wote wawili wanacheka kwa meno thelathini na mbili. Nyuma yao lilining'inia pazia alilolishona mwenyewe. Pembeni kabisa mpiga picha alikuwa amemkata mtu, ukabaki mkono tu umeshika ncha ya pazia ili lisipepee. Mama Mapazia aliujua mkono huo. Alikuwa amesahau kwamba Kitinda alikwenda naye siku ile.

Mwanamke mjamzito aliyekaa chini ya picha alimtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena.

"Samahani, shosti. Si wewe huyu?"

"Ni mimi."

"Mungu wangu! Mume wangu, ona, ndiye huyu! Mlipendeza. Baba mtoto hajambo?"

"Hajambo. Yuko kazini, anasoma mita."

"Mungu awadumishe."

"Amina," alisema Mama Mapazia, maana angesema nini?

Aliitwa ndani na muuguzi wa ushauri, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Muuguzi alimwonyesha kupitia kioo chumba cha mitungi. Ilikuwa mitungi mikubwa ya chuma, imefunikwa, ukungu mweupe ukitambaa juu ya vifuniko, na hapakuwa na mtu ndani. Mfuko wa Pini ulikuwa kwenye mtungi wa tatu. Mama Mapazia alitarajia kuguswa na kitu. Aliona mitungi.

"Bila sahihi yangu hautoki?"

"Hautoki, mama. Ni mali ya mtoto, na wewe ndiye mlezi wa mali yake."

"Basi usitoke. Ni wa binti yangu, siku akiuhitaji."

Muuguzi alivua miwani, ikabaki inaning'inia. "Binti ana kilo ngapi sasa?"

"Thelathini na nane. Anakula."

"Mama, nikwambie ukweli?"

"Ndio unaolipiwa mshahara."

"Damu ya kitovu huwa ni kidogo. Mbegu zake zinapimwa kwa uzito wa mgonjwa. Mtoto mdogo zinamtosha. Ukimwekea mtu mzito ni kama kumwagilia shamba kwa kikombe. Mfuko wenu ungetosha mtu wa kilo ishirini, ishirini na mbili tukijikaza. Binti yako ameuacha kitambo."

Mama Mapazia aliuliza, "Mbona hamkuniambia?"

"Huwa tunawaambia wakiuliza."

"Kwa hiyo nilikuwa nalala usingizi wa bure."

"Hakuna usingizi wa bure, mama," alisema muuguzi, si kwa ukali.

"Na kama mtu ana kilo kumi na nne?"

"Mambo ya mgonjwa mwingine siruhusiwi. Ila mtoto yeyote wa kilo kumi na nne, unamtosha. Kwa sasa."

"Si wamchome Pini mwenyewe basi, wachukue mbegu zake za leo, kama zinafanana?"

"Za leo zina ugomvi. Zikikuta mwili una kitu kimoja tu kisichofanana, zinaushambulia. Ingebidi vifanane vyote sita. Hizi za kitovu ni za mtoto mchanga, hazijajifunza kugombana. Zinavumilia tofauti."

Mama Mapazia alimkazia macho kuona kama anasemwa. Muuguzi alikuwa akisafisha miwani yake kwa pindo la koti. Hakujua lolote.

"Na hayo ya kilo za binti yangu, utawaambia wao?"

"Ya binti yako ni yako," alisema muuguzi.

*

Mjomba alipiga simu siku iliyofuata, wakati Mama Mapazia akimlegezea Pini sketi ya shule. Pini alisimama juu ya kigoda, mrefu kuliko alivyokuwa mwezi uliopita, mikono juu, akitafuna muwa.

"Mwanangu, umefikiri?"

"Mjomba, nilishasema. Ile ni akiba ya mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo akijua ni uongo, na lilimtoka laini kuliko lilivyotoka siku lilipokuwa kweli. Jambo hilo lilimtisha. Alikata simu, akaendelea kufumua pindo. Chini ya pindo kitambaa kilikuwa bado na rangi yake ya dukani, mstari wa buluu iliyokoza kuzunguka sketi iliyopauka. Pindo lilikuwa la mwisho. Hapakuwa na kitambaa kingine cha kushusha.

"Hii ikinibana tena?" Pini aliuliza.

"Itafutiwa mtu."

"Nani? Sina mdogo wa kike." Pini alifikiri, akatema kapi la muwa kiganjani. "Nilipolala kwa baba, Bwana Mdogo alipiga mswaki, mate yakatoka mekundu. Anasema meno yake yana rangi. Baba alicheka, halafu akaenda chooni akakaa huko."

"Simama wima," mama yake alisema.

Siku zile mtaa ulikuwa umegawanyika. Muuza mkaa alisema mtoto hana kosa. Mama wa saluni alisema mtoto hana kosa lakini ana wazazi. Wateja waliokuja kupimiwa mapazia walikaa kuliko kawaida, wakingoja aseme, na kwa mara ya kwanza ule mzaha wa nguo na mume ulimkauka mdomoni. Alikuwa na sababu mbili za kukataa, moja nzuri na moja mbaya. Ile nzuri ilikufa kule Benki. Iliyobaki ni ile aliyokuwa akiificha nyuma yake, na peke yake ilionekana mbaya mno, hata kwake. Alijaribu kuishi nayo kutwa moja. Jioni alitoa sahani tatu kabatini badala ya mbili, kama zamani, jioni ambazo Msoma Mita alichelewa na Kitinda alikula nao, akairudisha moja, na akajua kwamba kesho atakwenda kutia sahihi.

Kwa hiyo ieleweke kwamba alikuwa ameshaamua. Viatu vya kutokea vilikuwa mlangoni, vimefutwa, asubuhi ile Kitinda alipoingia.

*

Aliingia waziwazi, na duka lina mtu. Mwalimu mkuu wa shule ya Pini alikuwa amekuja kuchukua mapazia ya ofisi yake. Kitinda alisimama kizingitini. Alikuwa amekonda, na gauni alilovaa lilikuwa la zamani, kola ya mviringo. Mama Mapazia alilitambua kwa kuwa alilishona yeye, na alilivaa yeye, kabla halijambana.

"Dada," alisema Kitinda.

"Wateja huniita fundi."

Mwalimu mkuu alianza kuyakunja mapazia yake kwa bidii isiyo ya lazima.

"Fundi," alisema Kitinda. "Ningekuja siku ile ya kwanza. Niliogopa. Nilisema ukiniona utakumbuka, na ukikumbuka utakataa."

"Nilisahau lini, hata nikumbuke?"

"Hukusahau. Najua." Mikono yake ilikuwa imeshika mkoba mbele ya tumbo. "Sikuja kujitetea. Nilichokufanyia nilikufanyia nikiwa na akili zangu. Nimekuja kukuomba kitu cha mwanao. Najua ni kinga yake. Najua nikikichukua Pini anabaki wazi. Nakiomba hivyo hivyo."

Akapiga magoti. Hakulia. Alipiga magoti juu ya vipande vya kitambaa na vumbi la chaki, mbele ya mwalimu mkuu, akakaa hivyo.

Hapa ndipo Mama Mapazia alipokuwa na nafasi. Angeweza kusema, "Nyanyuka, nilishaamua." Angeweza kusema, "Pini habaki wazi, Pini ameuacha ule mfuko." Yalikuwa maneno machache, na viatu vilikuwa pale pale mlangoni. Lakini alikuwa ameingojea picha hii kwa miaka, aliiota akiwa macho, akikanyaga pedali, na sasa ilikuwa mbele yake na kola ya mviringo. Aliiacha ikae. Alimhesabia mwalimu mkuu mapazia yake moja moja, akampa chenji, akamsindikiza hadi nje. Aliporudi Kitinda alikuwa bado magotini.

"Nitatia sahihi," alisema. "Si kwa ajili yako."

"Ahsante."

"Na jukumu la Pini nalibeba mimi, siku likinikuta."

"Ahsante, fundi," alisema Kitinda, na wakati wa kunyanyuka alishika meza, kwa maana miguu ilikuwa imekufa ganzi.

*

Sahihi ilichukua muda mfupi kuliko kusubiri kalamu. Baada ya hapo sifa zilianza. Mjomba aliwapigia simu ndugu wote, hata wale wasiopigiana, akiwaeleza jinsi mama alivyomvua mwanawe ngao akamvika mtoto wa mwenzake. Mama wa saluni alimsuka bure. Msoma Mita alimshika mkono kwa mikono miwili, akalia kwa sauti barabarani, kifaa chake cha kusomea mita kikimning'inia. Mama Mapazia alizipokea sifa. Tusiseme hazikuwa tamu kwake. Mwanamke aliyekuwa akisimuliwa kama mtu aliyeibiwa mume alianza kusimuliwa kama mtu aliyetoa, na kutoa kuna kimo.

Aliyeharibu utamu huo alikuwa Kitinda. Kila alipotoka hospitali alipitia dukani, hakai, anasimama, anauliza: "Pini hajambo? Hajakohoa?" Mara ameleta machungwa, "Ya Pini, yana vitamini." Mara amemkuta Pini anatoka shule, amemshika paji la uso, halafu shingoni, halafu nyuma ya masikio kutafuta uvimbe, mpaka mtoto akalalamika, "Mama mdogo, unanitekenya." Siku moja Pini alijikata kidole kwa kadibodi, na Kitinda alikaa kwenye kiti cha wateja akiitazama ile damu ndogo mpaka ilipoganda. Ndipo akapumua. Alikuwa na mtoto mmoja anayekufa, na alikuwa amejiongezea wa pili.

Mama Mapazia aliona. Alisema atamwambia kesho. Kesho ilipofika aliona ni bora ifike ile nyingine.

*

Siku ya kupandikizwa, dada na mdogo wake walikaa kwenye benchi, nje ya chumba cha kioo. Bwana Mdogo alikuwa ndani peke yake na wauguzi waliofunikwa hadi macho. Kwa siku kadhaa walikuwa wamempa dawa za kuufuta uboho wa zamani, na nywele zilikuwa zimemtoka, kichwa kikabaki kidogo kama cha mtoto wa juzi. Msoma Mita alikuwa ameambiwa aende kununua maji, na kama kawaida yake hakuwa amerudi.

Walileta mfuko. Mama Mapazia alikuwa amejiandaa kwa kitu kikubwa, akaona kimfuko kisichojaa kiganja, chekundu kilichokoza. Muuguzi alikitundika juu. Mlango ulipofunguliwa na kufungwa, harufu iliwafikia, kama mahindi ya kuchemsha. Daktari alikuwa amewaonya kwamba ni ile dawa inayozuia damu isiharibike kwenye baridi, itatoka mwilini mwake kwa pumzi siku nzima. Aliwaonya pia wasitegemee kitu leo. Mbegu zikishika, watajua baada ya wiki tatu au nne. Zisiposhika, watajua vile vile.

"Ndiyo hiyo tu?" alisema Kitinda.

"Ndiyo hiyo."

"Ndogo."

Walitazama tone moja, na lingine.

"Pini aliamkaje leo?" Kitinda aliuliza. "Jana alinawa uso mara mbili. Nilidhani ana joto."

"Alikuwa na tope." Mama Mapazia alikunja kiganja, akakikunjua. "Kitinda, nisikilize. Ule mfuko haumfai Pini. Umeshambana."

"Umembana vipi?"

"Mbegu ni chache. Zinatosha mtoto mdogo, mwisho kilo ishirini na kidogo. Pini ana thelathini na nane. Hata angeugua kesho usingemsaidia. Hukumwacha wazi. Hujamnyang'anya kitu. Ni nguo iliyombana mkubwa, kapewa mdogo. Basi, acha kumpima mtoto joto."

Kitinda hakugeuka. "Ulijua lini?"

"Nilipokwenda Benki mara ya kwanza."

"Kabla sijaja dukani."

"Kabla hujaja. Na sahihi nilikuwa nimeshaamua kuitia. Viatu vilikuwa mlangoni, kama uliviona."

"Niliviona." Sauti ya Kitinda ilikuwa ndogo. "Ukaniacha nipige magoti."

"Nilikuacha."

"Mbele ya mwalimu mkuu. Ukamhesabia na mapazia."

"Nilimhesabia mara mbili," alisema Mama Mapazia, kwa kuwa alishaanza kusema ukweli na hakuona pa kuukatia.

Ndani ya kioo muuguzi aliubonyeza mfuko taratibu kwa vidole, damu isibaki kwenye kona. Kitinda alijifuta uso kwa kola ya gauni. Alikuwa na hasira, na ilimkaa vizuri kuliko unyonge wa wiki zile zote. Dada yake aliiona, na akashangaa kujikuta anapumua vizuri.

"Kwa hiyo sasa tumelingana?" Kitinda aliuliza.

Mama Mapazia alilipima swali kama anavyopima kitambaa, bila haraka na bila huruma. "Hapana," alisema. "Wewe bado umenizidi. Mbali."

"Najua, fundi."

"Hapa si dukani. Niite dada."

Kitinda alifungua mdomo, kisha akageukia kioo. Walibaki wameketi, na nafasi ya mtu mmoja katikati yao, penye mkoba wa Mama Mapazia, mpaka mfuko ulipokwisha na mrija ukabaki mweupe. Mtoto alikuwa amelala. Msoma Mita alirudi na maji ya chupa moja, watu watatu, akaeleza habari ndefu ya foleni. Muuguzi alitoka akasema mtu mmoja abaki, wengine waende wakapumzike.

Mama Mapazia alinyanyuka, akajinyoosha mgongo, akaanza kuifuata korido. Alikuwa amefika karibu na ngazi aliposikia hatua za haraka nyuma yake.

"Dada," alisema Kitinda, akihema. "Mkoba wako."